Mahali Anapopatikana

Shemeji alipomvunja Dada taya, hakuwa hata na hasira. Walikuwa mezani watu watatu, yeye, mkewe, na mdogo wa mkewe aliyekuja kuwatembelea, na Shemeji alikuwa akisimulia kisa cha mteja mmoja wa duka lake la matairi. Dada akajisahau, akakimalizia kisa kabla ya mwenyewe kufika mwisho. Wote wakacheka, na Shemeji akacheka kuliko wote. Kisha akaweka kijiko chini taratibu, akafuta vidole, akampiga Dada ngumi moja ya upande, na sauti iliyotoka ilikuwa ya ubao mkavu unaovunjwa gotini. Dada akaanguka na kiti chake. Shemeji akaokota kijiko, akamgeukia mgeni, akasema, "Kula basi, shemeji, chakula kinapoa."

Ushemeji ni utani, kila mtu anajua, na huyu alikuwa bingwa wa utani. Mtaa mzima ulimpenda. Alibeba majeneza ya watu, alisukuma magari yaliyokwama, alikumbuka majina ya watoto wa kila nyumba. Ukisema mtu kama huyo anapiga, wewe msemaji ndiye unayeangaliwa vibaya. Taya la Dada lilifungwa waya, na kabla waya haujatolewa wazee wa pande zote mbili walikwisha kaa kikao, wakanywa chai, wakasema ndoa ni kuvumiliana. Mtu aliyefungwa mdomo kwa waya hawezi kubisha, kwa hiyo wakahesabu kwamba amekubali.

Alivumilia mpaka siku Shemeji alipokwenda kumzika jamaa yake. Siku hiyo Dada akatoka na mkasi wake mkubwa na sindano zake za makochi, zile ndefu zilizopinda, nguo akaziacha kabatini. Akaliacha pia kochi la sebuleni alilolishona mwenyewe mwaka wa harusi. Kwenye mikono ya kochi hilo alikuwa ameweka mshono wake, ambao hakufundishwa na mtu, uzi ukienda na kurudi kama meno ya msumeno. Shemeji aliporudi na kukuta nyumba kimya, alichukua kisu cha jikoni akalipasua kochi kuanzia mgongoni mpaka miguuni, sponji zikamwagika sakafuni. Halafu akaosha mikono, akabadilisha shati, akaenda kwa mdogo wa mkewe.

"Shemeji," alisema kizingitini, "dada yako yuko wapi?"

"Sijui."

"Hebu lete mkono nikuoneshe kitu."

Aliuchukua mkono wake wa kulia, akaviweka vidole kwenye fremu, akaubamiza mlango. Akauliza tena, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Akaubamiza tena. Yule binti alilia, alijikojolea, aliita mama yake ambaye alikuwa amekufa zamani, lakini mahali alipo Dada hakupataja. Shemeji akachoka kabla yake.

"Basi mwambie," alisema akijipangusa jasho. "Nikimpata, safari hii taya sina haja nalo. Nitavunja shingo."

Kucha zilidondoka, zikaota nyingine, na moja ikaota imepinda. Wenzake kazini walimshauri aipake rangi. Hakutaka. Kila alipoitazama alijua kwamba kuna jambo moja duniani ambalo halikumshinda.

Kazini kwenyewe kulikuwa Umoja wa Mafundi, na pale kila mtu aliitwa kwa ufundi wake. Kulikuwa na Fundi Bomba, Fundi Vioo, Fundi Vyuma, na yeye, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza tovuti ya Umoja, wakamwita Fundi Kurasa. Kazi yake wengi hawakuielewa. Katibu wa Umoja, mzee mwenye maneno mengi na miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, aliamini kwamba kila ukurasa unaandikwa upya kwa mkono, na alikuwa akimpa pole ya uchovu. Ukweli ni kwamba kila fundi alijazwa mara moja tu kwenye mtambo wa tovuti: kazi yake, picha, ujuzi, simu, mahali anapopatikana, kila kitu kwenye sehemu yake. Baada ya hapo Fundi Kurasa huamua sehemu ipi ikae juu, ipi ikae chini, na ipi isionekane kabisa. Huishika kwa kipanya, huiburuta, huiachia. Chini ya ukurasa wake wa kazi kulikuwa na mstari ulioandikwa "Zilizofichwa". Sehemu ikiburutwa mpaka chini ya mstari huo, wasomaji hawaioni tena, ingawa mtambo unaendelea kuitunza tumboni.

Dada alikuwa hapohapo mjini, upande wa pili, katika karakana ndogo nyuma ya ghala la magodoro. Fundi Kurasa ndiye aliyemtafutia. Ilibidi aingizwe kwenye mtambo kama mafundi wengine, maana wachukuzi wa mbao na sponji walichukua anwani humo, na mtambo haukukubali sehemu ya anwani ibaki tupu. Kwa hiyo Fundi Kurasa akaijaza vizuri, ili mchukuzi asipotee: nyuma ya ghala la magodoro, mlango wa bluu. Kisha akaupa ukurasa wa Dada mpangilio wake wa peke yake, tofauti na wa mafundi wote, na katika mpangilio huo anwani akaiburuta chini ya mstari. Simu aliyoweka ilikuwa ya ofisini. Jina halikuwepo, aliandika tu Fundi Makochi. Picha haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kiti kizuri chekundu alichokishona Dada wiki yake ya kwanza. Fundi Kurasa alikitazama kiti kile akaona hakina mdomo wa kumsema mtu.

Na karakanani alimpa Dada sheria. Usizoeane na watu. Usikae nje. Wakikusalimu, itikia, ingia ndani. Dada alizifuata. Alifunga mlango akiwa kazini, akawasha kompresa, ile mashine ya upepo inayoendesha kifaa cha kupigia pini kwenye mbao, na mngurumo wake ukawa ndiyo sauti pekee iliyotoka humo. Fundi Vyuma, aliyechomelea mageti karakana ya jirani, alimsalimu kila asubuhi akaambulia kutikisiwa kichwa. Mafundi wa kichochoro kile wakamwita Bubu, wakazoea.

Mwaka ukapita hivyo. Halafu Katibu akaja na wazo.

"Mwanangu," alisema akiinamia kioo cha kompyuta, "huu ukurasa wa mbele umejaa maneno kama hotuba ya mgeni rasmi. Mteja anataka kuona. Apitishe jicho, aone picha, aone kazi, aone aende wapi. Basi. Akishajua aende wapi, mengine wataongea wenyewe."

"Nitaweka kadi, mzee. Kila fundi na kadi yake ndogo."

"Ndiyo hizo. Kadi. Kama vile nilivyosema."

Hakuwa amesema hivyo, lakini Fundi Kurasa alimwachia. Alizitengeneza kadi siku hiyohiyo. Picha juu, kazi chini ya picha, na mahali anapopatikana chini ya kazi, kwa herufi nene, kama mzee alivyotaka. Zilipendeza. Kabla ya kuziruhusu zitoke alimkumbuka Dada, maana hakuna siku asiyomkumbuka, akaufungua ukurasa wake kuhakikisha. Anwani haikuwepo. Mpangilio wa peke yake ulikuwa palepale alipouacha. Akaridhika, akabonyeza.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu wa kazi ile tu. Mpangilio wa peke yake ulitawala ukurasa wa Dada, ule mkubwa. Kadi ni vazi jingine la taarifa zilezile, nayo haikujua lolote juu ya mpangilio ule. Ilifuata utaratibu wa mafundi wote. Fundi Kurasa alikuwa mtu aliyekagua kufuli la mlangoni mara mbili, kisha akapasua dirisha ukutani kwa mikono yake mwenyewe na kwenda zake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi moja Katibu aliingia ofisini akicheka peke yake.

"Tovuti yako imeanza kuzaa," alisema. "Kuna bwana amepiga simu sasa hivi. Mcheshi huyo, nimecheka mpaka mbavu. Ana kochi limechanika lote. Nikamuuliza limechanwa na nini, akasema paka. Nikamwambia paka gani huyo, au unafuga chui? Akasema, 'Mzee, nilifuga mwanamke, chui afadhali.'"

Fundi Kurasa alicheka kidogo, kwa adabu. "Anataka fundi gani?"

"Yule wa makochi. Anasema alikuwa anatazama kadi zetu akaona picha ya kiti chekundu, akautambua mshono. Mwenye mshono ule, anasema, hakuna mwingine. Nikataka kumwelekeza njia, akasema haina haja, anwani anaiona hapo hapo, na kochi liko kwenye pikapu tayari."

Mkono wa Fundi Kurasa ulikuwa juu ya kipanya. Alifungua ukurasa wa mbele, akabonyeza palipoandikwa "Wengine", akashuka mpaka kwenye kiti chekundu. Chini yake, kwa herufi nene alizozichagua yeye: nyuma ya ghala la magodoro, mlango wa bluu.

Jambo alilolifanya baada ya hapo lilimsumbua muda mrefu. Hakukimbia. Aliufungua mpangilio wa kadi, akaishika sehemu ya anwani, akaiburuta mpaka chini ya mstari, akahifadhi. Mkono ulijiendea wenyewe, kwa mazoea, kama mtu anayezima taa huku nyumba inaungua. Ndipo akampigia Dada. Simu ikaita mpaka ikakata, maana kompresa ikinguruma hata mwenye simu mfukoni hasikii. Akapiga tena. Kisha akatoka, akimwacha Katibu na kicheko nusu usoni.

Alikimbia. Alipita katikati ya magari, akamgonga muuza miwani, akaanguka, akainuka goti likivuja damu. Aliomba kwa sauti, na watu walimpisha wakidhani ni mwendawazimu. Hakuomba jambo kubwa. Aliomba tairi la pikapu lipasuke.

Pikapu ilikuwepo, imeegeshwa vizuri kando ya kichochoro, haina kosa. Fundi Vyuma na wenzake wawili walikuwa wamesimama mbele ya mlango wa bluu, Fundi Vyuma amepandisha kinyago chake cha kuchomelea juu ya kipaji, uso wake umekaa vibaya. Ndani kompresa ilinguruma. Chini ya mngurumo kulikuwa na sauti nyingine, ya kitu kizito kinachopigwa ukutani, kinanyamaza, kinapigwa tena.

"Mmesimamia nini?" Fundi Kurasa alipiga kelele.

"Ni mumewe," alisema Fundi Vyuma. "Tumemsaidia kushusha kochi. Mtu mzuri tu, tumetaniana naye hapa. Kelele zilipoanza nimegonga, akachungulia, akasema ni mke wake alitoroka na watoto wanalia nyumbani. Mambo ya mtu na mkewe, dada yangu."

"Hawana watoto. Anamuua."

Wanaume wakatazamana. "Sisi tutajuaje?" mmoja alisema, kwa unyonge. "Huyu mama hatumjui. Hajawahi hata kusema neno."

Mlango ulisukumika kidogo ukakwama. Kochi lilikuwa limeegemezwa kwa ndani. Fundi Kurasa alipenyeza bega, akapenyeza kichwa, akapanda juu ya kochi kwa magoti, na akalijua kwa kulishika tu. Kitambaa kilining'inia vipande, sponji hamna, mbao za mifupa yake ziko wazi. Kwenye mikono ya kochi mshono wa meno ya msumeno ulikuwa bado umeshika.

Shemeji alikuwa amemkalia Dada mgongoni. Alikuwa amechukua mkanda wa kochi, ule mpana unaosukwa chini ya sponji, akauzungusha shingoni mwa Dada, na alikuwa akiuvuta kwa mikono miwili huku goti lake likimkandamiza katikati ya mabega. Alivuta bila haraka. Uso wa Dada ulikuwa umegeukia mlangoni. Rangi yake haikuwa ya mtu aliye hai, jicho moja limefumba kwa uvimbe, na damu ilimtoka puani ikachora njia juu ya saruji.

"Karibu, shemeji," alisema Shemeji bila kugeuka. "Pita ndani. Nilijua utakuja, wewe ni mtu wa familia."

Fundi Kurasa alimrukia. Alimng'ata sikio mpaka meno yakakutana. Shemeji alinguruma, akauachia mkanda, akainuka naye akiwa bado mgongoni, akaenda kinyumenyume akambamiza ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mikono yake ikalegea. Dada alibaki kifudifudi akikohoa damu. Shemeji alijishika sikio, akakitazama kiganja, akacheka.

"Mwenzako nilikuwa nimekuja kukushukuru," alisema. Alimshika nywele akamburuta mpaka kwenye kochi. "Mwaka mzima nahangaika. Nimeuliza stendi, nimeuliza hospitali, nimeuliza mochwari. Siku nimekaa zangu natafuta fundi wa kulishona hili kochi, nakuta umeniwekea kila kitu. Picha, kazi, mahali. Hata rangi ya mlango umeandika. Unasikia wewe hapo chini? Mdogo wako ndiye aliyenielekeza."

Dada alisikia. Fundi Kurasa aliliona hilo jicho moja lililokuwa wazi likimtazama, na hakuna kipigo cha siku ile kilichomuuma kama jicho hilo.

"Na nilikuuliza vizuri," Shemeji aliendelea, "ukakataa. Mkono ulikuwa upi? Huu?"

Aliulaza mkono wake wa kulia juu ya ubao wa kochi, akachukua nyundo ya mbao kwenye meza ya kazi, akavipiga vidole. Fundi Kurasa alisikia mifupa kabla ya kusikia maumivu. Alipofungua mdomo kupiga kelele, Shemeji alitupa nyundo, akamkamata koo kwa mkono wa kulia, akamlaza chali juu ya mbao, na mkono wa kushoto akauegemeza kwenye ubao wa mbele ili apate nguvu ya kukandamiza. Alikandamiza. Dari lilianza kuwa jeusi pembeni. Fundi Kurasa aliona uso wa Shemeji karibu sana, uso wa mtu aliyebeba majeneza ya watu, na akawaza, kwa uwazi wa ajabu, kwamba hata lake atalibeba.

Wakati wote huo kompresa haikuzimwa. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Mpira wake mwekundu ulikuwa umelala sakafuni, na mwisho wa mpira huo kulikuwa na kifaa cha kupigia pini, na Dada alikuwa akitambaa kukifuata. Kifaa kile hakipigi hewani. Ni lazima mdomo wake ukandamizwe juu ya kitu ndipo kitoe pini, na Dada alilijua hilo kuliko alivyojua sala. Alijikokota mpaka kwenye kochi, akainuka nusu, akaukandamiza mdomo wa kifaa juu ya mkono wa kushoto wa Shemeji, pale ulipoegemea ubaoni, akavuta.

Alivuta kama anavyopiga kitambaa, karibu karibu, mstari mnyoofu, kutoka kidole cha mwisho mpaka kifundo cha mkono. Shemeji aliachia koo, akapiga yowe ambalo lilipita juu ya mngurumo na kutoka nje mpaka barabarani. Alijaribu kuuvuta mkono, ubao ukaja nao, kochi zima likanyanyuka upande mmoja na kumwangukia mguuni. Alimrushia Dada ngumi ya mkono uliobaki ikampata begani. Dada akayumba, akarudi, akalikamata shati lake, akaukandamiza mkono huo nao juu ya ubao na uzito wake wote wa mwili, akaupiga pini, na huu hakuupiga kwa mstari, aliupiga popote palipotokea, mpaka pini zikaisha na kifaa kikawa kinatema upepo mtupu.

Shemeji alipiga magoti mbele ya kochi lake, mikono yote miwili ubaoni. Alikuwa akilia. Alianza kusema, "Mke wangu, mke wangu," kwa ile sauti ya upole.

Dada aliokota nyundo. Alimpiga taya. Alimpiga upande uleule ambao yeye alipigwa, na sauti ikawa ileile. Akainua nyundo tena, juu zaidi, na wakati huu alikuwa anatazama shingo. Fundi Kurasa alikuwa hapo, hatua moja, ana mkono mmoja mzima na koo linaloweza kusema. Hakusema acha. Tuliseme hilo wazi, maana yeye mwenyewe hakulificha: alitaka nyundo ishuke.

Ni Fundi Vyuma aliyeidaka. Yowe la mwanaume mwenzao lilikuwa limewaingiza ndani haraka kuliko vilio vya wanawake, wakavunja bawaba za mlango wa bluu. Walisimama wakimtazama yule mtu mzuri waliyetaniana naye, amegandishwa kwenye kochi. Fundi Vyuma aliona mkanda sakafuni, akaona alama yake shingoni mwa Dada, akavua kinyago.

"Mnisamehe," alisema. "Jina lako nani, mama?"

Dada hakuwa na sauti ya kujibu.

Polisi walitumia koleo kumtoa Shemeji kwenye ubao. Daktari alisema mikono ile haitafumba ngumi tena. Alilazwa chini ya ulinzi, na kabla taya lake halijafungwa waya wazee walikwisha tuma salamu kwamba wangependa kukaa kikao. Dada aliposomewa ujumbe huo wodini kwake alimwomba nesi amletee beseni, akatema ndani yake, akamrudishia.

Na Dada hakumsemesha mdogo wake. Fundi Kurasa alikuja kila siku na mkono wake uliofungwa plasta, akakaa kitini, akaondoka. Siku moja alisema, "Ni mimi niliyeweka."

"Nilisikia," Dada alisema kwa sauti ya mkwaruzo, akageukia ukuta.

Siku Dada aliporudi karakanani, mlango mpya ulikuwa umeegemezwa ukutani ukingoja kufungwa. Fundi Vyuma ndiye aliyeutengeneza, hakuambiwa na mtu. Dada alikaa kwenye kigoda, akamtazama mdogo wake.

"Umekuja na mtambo wako?"

"Ninao, kwenye simu."

"Ufungue. Anwani yangu iko wapi?"

"Nimeificha," Fundi Kurasa alisema haraka. "Sasa nimeificha kote, Dada. Kwenye kadi, kwenye ukurasa, hata mtu akitafuta. Nimekagua kila mpangilio. Haiwezi tena..."

"Itoe."

Fundi Kurasa alidhani hakusikia sawasawa.

"Itoe huko ulikoiweka," Dada alisema. Kila neno lilimgharimu. "Wewe ulinificha vizuri sana. Ulinificha mpaka nikipiga kelele, wenye mlango wa pili hawajui anayelia ni nani. Yeye alikuja asubuhi moja tu. Akawasalimu, akawatania, wakambebea kochi. Mimi nilikaa hapa mwaka mzima, hakuna aliyejua hata jina langu. Aliyenitafuta alijua nilipo, na ambao wangenisaidia hawakujua mimi ni nani. Ulinificha kwa wasio na kosa."

Fundi Kurasa alilia bila kujificha. Dada hakumbembeleza.

"Kazi," alisema.

Kwa mkono wa kushoto, polepole kama mwanafunzi, Fundi Kurasa aliishika sehemu ya anwani chini ya mstari, akaiburuta kwenda juu. Akaupita ujuzi, akaipita simu.

"Juu zaidi," Dada alisema.

Akaiweka juu kabisa.

"Na kiti hicho kitoe. Weka mimi."

"Dada, uso bado..."

"Nimesema weka mimi. Na uandike jina."

Akampiga picha pale pale kwenye kigoda: jicho la manjano na zambarau, taya lililopinda kidogo tangu zamani, mstari wa mkanda shingoni, mkasi mkubwa mapajani. Akaandika jina lake, lote, na la baba yao. Akahifadhi. Kadi ikatokea, na ilikuwa ngumu kuitazama. Dada aliitazama muda mrefu, kisha akampa Fundi Vyuma simu aione, naye akasoma jina kwa sauti ili asilisahau.

Fundi Kurasa alikusanya vitu vyake. Mlangoni, pasipo na mlango, aligeuka.

"Umenisamehe?"

"Bado," Dada alisema. Alikuwa amekwisha washa kompresa na ilibidi apaze ile sauti yake mbovu. "Lakini njoo kesho. Unajua ninapopatikana."